Kulinganisha programu za fedha binafsi kwenye Windows, macOS na Linux: mwongozo kamili

Anayetafuta programu ya kutunza hesabu zake binafsi kwa kawaida huanza kwa kuuliza ipi ni ya bure, ipi ina michoro mizuri na ipi inasifiwa na wengi. Maswali hayo yana nafasi yake, lakini kuna moja linalopaswa kuyatangulia yote: je, hesabu nitakazoingiza leo zitafunguka kwenye kompyuta nitakayokuwa nayo baada ya miaka kumi, hata ikiwa kompyuta hiyo itakuwa na mfumo endeshi tofauti na huu wa sasa? Rekodi za mkopo wa nyumba, akiba ya uzeeni au ada za masomo hudumu kuliko kompyuta yoyote. Kwa hiyo mwongozo huu unazipima programu kwa kigezo cha uwezo wa hesabu kuhama salama, na sehemu yake kubwa ni jaribio ambalo kila msomaji anaweza kulifanya mwenyewe kabla ya kuingiza muamala wake wa kwanza wa kweli.

Historia ya programu hizi inaonyesha kwa nini swali hilo si la kinadharia. Microsoft Money ilianza mwaka 1991, ikatumika kwenye Windows kwa miaka mingi, kisha Microsoft ikaacha kuiuza mwaka 2009. Huduma ya Mint, ya kufuatilia matumizi kwenye intaneti, iliyonunuliwa na kampuni ya Intuit mwaka huohuo wa 2009, ilifungwa Machi 2024. Hapo ni mmiliki aliyefunga mlango. Wakati mwingine mlango hufungwa na mfumo endeshi wenyewe. Quicken 2007 ya Mac, programu ya hesabu ya Intuit, iliandikwa kwa ajili ya vichakato vya zamani vya PowerPC, na Apple ilipoondoa, kwenye toleo la mfumo wake liitwalo Lion mwaka 2011, tafsiri iliyoziwezesha programu za vichakato hivyo kufanya kazi kwenye kompyuta mpya, programu hiyo haikufunguka tena kwa waliopandisha toleo, hadi Intuit ilipotoa marekebisho mwaka 2012. Mwaka 2019 macOS Catalina iliacha kuendesha programu zote za biti 32, yaani za muundo wa zamani, na hapo tena watu wakajikuta wana faili la hesabu lakini hawana programu ya kulifungulia.

Hatua ya 1: Andika mahitaji yako kabla ya kupakua chochote

Orodhesha kompyuta na simu zitakazotumika, pamoja na mfumo endeshi wa kila kimoja. Taja idadi ya watu watakaoingiza miamala, sarafu mnazotumia, na kama mna hisa au mikopo inayolipwa kwa awamu zenye riba. Ukurasa mmoja unatosha. Usiupuuze, kwa sababu ndio utakaokuzuia kuchagua programu kwa sababu ya uwezo ambao hutautumia kamwe.

Hatua ya 2: Tambua programu inaishi wapi

Zipo programu zilizofungwa ndani ya mfumo mmoja. Banktivity hutumika kwenye vifaa vya Apple pekee, na uzuri wake ni kwamba inafuata desturi zote za macOS. Ubaya wake utauona siku utakapobadilisha kompyuta. Quicken inahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu toleo la Windows na toleo la Mac yana jina moja lakini ni programu mbili tofauti, zenye mafaili tofauti na uwezo usiolingana. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine kunahitaji kubadilisha faili zima, si kulinakili tu. Watumiaji wa Linux hawana toleo lao kabisa. Wengine hujaribu kuiendesha kupitia Wine, zana inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, lakini mimi singeshauri mtu ategemee njia hiyo kwa hesabu za miaka.

Kundi la pili ni la programu zinazosakinishwa kwenye kompyuta na ambazo husoma faili lilelile kwenye mifumo yote mitatu. GnuCash, KMyMoney na Money Manager Ex ni programu huria za aina hiyo, nazo Moneydance huuzwa na imeandikwa kwa Java, ndiyo maana sura yake haibadiliki sana kutoka kompyuta moja hadi nyingine. HomeBank nayo inastahili kutajwa hapa, kwa kuwa ilianza mwaka 1995 kwenye kompyuta za Amiga, na hadi leo inaendelea kuboreshwa kwenye Linux na Windows ingawa Amiga yenyewe ilishatoweka sokoni. Programu iliyokwisha kuhama mfumo mmoja na kubaki hai ina ushahidi ambao tangazo lolote haliwezi kuutoa.

Kundi la tatu hutumika kupitia kivinjari. YNAB ilikuwa programu ya kusakinisha, kisha mwishoni mwa 2015 ikahamia kwenye intaneti. Hapo suala la mfumo endeshi linaisha, lakini nafasi yake inachukuliwa na suala la nani anashikilia data yako na nini kitatokea ukiacha kulipia. Firefly III na Actual Budget ni za kundi hilohilo kwa namna tofauti, kwa sababu unaweza kuziweka kwenye seva yako mwenyewe. Actual Budget, iliyofanywa kuwa huria mwaka 2022, huweka nakala ya hesabu ndani ya kifaa chako na kuzilandanisha na seva baadaye, hivyo unaweza kuendelea kuingiza miamala hata intaneti inapokatika.

Kundi la mwisho ni la wanaoandika hesabu kwenye faili la maandishi matupu na kuzichambua kwa programu kama Ledger, hledger au Beancount. Hakuna njia inayohama kwa urahisi kuliko hii, maana faili la maandishi hufunguka kwenye kila kompyuta iliyopo na, kwa kadiri tunavyoweza kukadiria, itakayokuwepo. Hata hivyo njia hii inadai uzoefu wa mstari wa amri, yaani kuendesha programu kwa kuandika maagizo, na uvumilivu, na katika nyumba yenye watu wawili wanaotunza hesabu, mara nyingi mmoja wao hataipenda.

Hatua ya 3: Chunguza tabia ya kila mfumo endeshi

Kwenye Windows usakinishaji ni mwepesi kuliko kwingine, na karibu kila programu ina kisakinishi. Jambo la kuangalia ni umri wa mfumo wenyewe: Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyopata masasisho ya usalama si mahali pa kuweka rekodi za fedha.

Kwenye macOS mfumo hukagua kama programu imesainiwa na msanidi anayetambuliwa na Apple, na programu huria ambayo haijasainiwa inaweza kukataliwa unapoifungua mara ya kwanza. Pakua kutoka tovuti rasmi ya mradi pekee, kisha uiruhusu kupitia mipangilio ya usalama ikiwa una hakika na chanzo chake. Kompyuta za Mac zilizotoka tangu mwisho wa 2020 hutumia vichakato vya Apple yenyewe, kwa hiyo tafuta toleo lililotengenezwa kwa ajili yake. Toleo la vichakato vya Intel huendeshwa kwa tafsiri, na kisa cha Quicken 2007 kimeonyesha kwamba tafsiri ya namna hiyo haidumu milele.

Linux ina tatizo la aina nyingine, nalo ni wingi wa njia za kusakinisha. Hifadhi ya programu ya Debian, moja ya aina za Linux, hutoa matoleo yaliyothibitishwa ambayo mara nyingi ni ya zamani, huku Flatpak, njia ya kusakinisha isiyotegemea aina ya Linux, ikitoa matoleo mapya lakini ikiifungia programu ndani ya mipaka, kiasi kwamba inaweza kushindwa kuona folda unayotaka kuweka nakala rudufu mpaka uipe ruhusa. Hapa ndipo kosa moja hutokea sana: mtu ana toleo jipya la programu kwenye Windows na toleo la zamani kwenye Linux, anahifadhi faili upande mmoja, kisha upande wa pili unakataa kulisoma. Sawazisha matoleo kwenye kompyuta zote kabla ya kugawana faili, na ukisasisha moja, sasisha zote siku hiyohiyo.

Hata programu yenye jina moja na faili moja inaweza kutofautiana katika sehemu zinazoizunguka. GnuCash hutafuta bei za hisa na viwango vya kubadilishia fedha kupitia moduli ya lugha ya programu ya Perl iitwayo Finance::Quote. Kwenye Linux moduli hiyo kwa kawaida husakinishwa kutoka hifadhi ya mfumo, ilhali kwenye Windows unahitaji kwanza kusakinisha Perl yenyewe. Asiye na hisa wala akaunti za sarafu za kigeni hataligundua hilo, lakini mwekezaji anaweza kudhani programu imeharibika.

Hatua ya 4: Amua namna ya kuandika hesabu

GnuCash, Ledger na wenzake hufuata uwekaji hesabu wa maingizo mawili, utaratibu ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Kila muamala hugusa akaunti mbili au zaidi, na jumla ya pande zake lazima ilingane. Ukilipa umeme kutoka akaunti ya benki, akaunti ya benki inapungua na akaunti ya matumizi ya umeme inaongezeka kwa kiasi kilekile. HomeBank na Money Manager Ex hutumia akaunti na makundi ya matumizi, utaratibu unaoeleweka haraka zaidi kwa asiye mhasibu.

Tofauti hii ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana, hasa kwenye mikopo na kadi za mkopo. Katika maingizo mawili, malipo ya awamu ya mkopo hugawanywa kuwa sehemu inayopunguza deni na sehemu ya riba, na deni lililobaki husomeka kama akaunti nyingine yoyote. Kwenye programu za makundi, asiyekuwa makini huandika awamu yote kama matumizi, kisha hushangaa kwamba hali yake ya fedha kwenye kompyuta ni mbaya kuliko hali halisi. Kwa maoni yangu, mwenye mikopo au uwekezaji anafaa kujifunza maingizo mawili hata kama wiki za kwanza zitakuwa ngumu. Mwenye mshahara mmoja, akaunti mbili na hamu ya kudhibiti matumizi atahudumiwa vyema zaidi na HomeBank, na hana sababu ya kujisumbua kwa zaidi ya hapo.

Hatua ya 5: Elewa miundo ya mafaili ya kubadilishana

Benki nyingi hutoa taarifa za akaunti kwa muundo mmoja au zaidi kati ya mitatu, na programu zako zinapaswa kuusoma ule unaoupata wewe.

QIF ni muundo wa zamani uliotokana na Quicken. Unasomwa na programu nyingi, lakini una kasoro mbili zinazosumbua. Hausemi waziwazi kama tarehe 03/04 ni ya mwezi wa Aprili au ya mwezi wa Machi, na haubebi namba ya utambulisho ya kila muamala, kwa hiyo ukiingiza faili lilelile mara mbili programu hubaki ikikisia kipi ni kipya na kipi kilishaingia.

OFX uliundwa na Microsoft, Intuit na CheckFree mwaka 1997 na ulitatua hilo, kwa kuwa kila muamala una utambulisho wake na programu inaweza kuruka miamala iliyokwisha kuingia. Benki yako ikitoa OFX, chukua huo bila kusita. QFX ni namna ya OFX iliyokusudiwa kwa Quicken, na programu nyingine kadhaa huweza kuusoma.

CSV ni jedwali la maandishi tu, wala hauna kanuni moja inayofuatwa na wote. Faili moja hutenganisha safu kwa koma na lingine kwa nukta mkato. Moja huandika desimali kwa nukta na lingine kwa koma. Moja lina safu mbili za fedha zinazoingia na kutoka, na lingine safu moja yenye alama ya kutoa. Hapa mfumo endeshi huingilia kati tena, kwa sababu mipangilio ya lugha na eneo ya kompyuta inaweza kubadilisha jinsi 1.250 inavyosomwa: ama elfu moja mia mbili na hamsini, ama moja na robo. Hakikisha kompyuta zote zina mipangilio inayofanana ya namba na tarehe, na mafaili ya CSV yawe katika usimbaji wa herufi wa UTF-8 ili majina yenye herufi zisizo za kawaida yasigeuke alama zisizosomeka. Tena, usilifungue faili la CSV kwenye programu ya lahajedwali na kulihifadhi kabla ya kuliingiza, maana lahajedwali hubadilisha tarehe na kufuta sifuri za mwanzo bila kuuliza.

Hatua ya 6: Fanya jaribio la daftari dogo

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote. Chagua programu mbili au tatu zilizopita hatua zilizotangulia, kisha ingiza katika kila moja daftari hilihili la majaribio.

Anza na akaunti ya benki yenye salio la 1,000.00 na mkopo wa 2,000.00. Fungua akaunti tupu ya akiba na kadi ya mkopo isiyo na deni. Sasa ingiza mshahara wa 600.00 benki. Kisha ingiza manunuzi ya 75.40 kutoka benki, yaliyogawanywa katika makundi matatu ya 40.15, 25.25 na 10.00. Hamisha 200.00 kutoka benki kwenda akiba. Nunua kitu cha 120.00 kwa kadi, halafu lipa deni lote la kadi kutoka benki. Lipa awamu ya mkopo ya 150.00, ambamo 130.50 inapunguza deni na 19.50 ni riba. Mwisho, pokea benki marejesho ya 15.25 kwa bidhaa uliyoirudisha.

Ukimaliza, akaunti ya benki inapaswa kusoma 1,069.85, akiba 200.00, kadi sifuri, na mkopo 1,869.50. Ripoti ya matumizi ionyeshe 199.65, na thamani halisi ya mali baada ya kutoa madeni iwe imeongezeka kwa 400.35. Programu inayoonyesha matumizi ya 319.65 imeyahesabu malipo ya kadi mara ya pili. Ikionyesha 330.15, imeichukulia awamu nzima ya mkopo kuwa matumizi. Makosa hayo hutokana na jinsi ulivyoingiza muamala mara nyingi zaidi kuliko kasoro ya programu, na ukiyagundua sasa utajua jinsi programu hiyo inavyotaka uhamisho uandikwe. Ukitumia sarafu zaidi ya moja, ongeza muamala wa yeni ya Japani, isiyo na desimali, na mwingine wa dinari ya Kuwait, yenye desimali tatu, uone kama programu inazikubali bila kukata tarakimu.

Kisha nakili faili hilo kwenye kompyuta ya pili yenye mfumo endeshi mwingine na ulifungue. Linganisha takwimu zote, angalia kama tarehe hazikugeuka, na kama uliambatisha picha za risiti kwenye miamala, angalia kama bado zinafunguka. Viungo vya risiti huvunjika mara kwa mara, kwa sababu Windows huandika njia ya folda kwa namna tofauti na macOS na Linux, na Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili.

Baada ya hapo toa hesabu zote nje ya programu na uziingize kwenye programu nyingine kabisa. Ukitumia CSV, tazama kama manunuzi yaliyogawanywa yamebaki na sehemu zake tatu na kama uhamisho wa 200.00 haujaingia mara mbili. Programu zinatofautiana sana hapa: KMyMoney na HomeBank zinaweza kutoa QIF, GnuCash haitoi QIF bali hutoa CSV, ingawa KMyMoney inaweza kulisoma moja kwa moja faili la GnuCash. Angalia pia faili lenyewe limeandikwaje. GnuCash na KMyMoney kwa kawaida huhifadhi XML (maandishi yenye alama za mpangilio) iliyobanwa, HomeBank XML ya kawaida, na Money Manager Ex hifadhidata ya SQLite. Yote hayo yanaweza kusomwa kwa zana huria hata kama programu yenyewe itatoweka. Faili ambalo haliwezi kusomwa na chochote isipokuwa programu iliyoliandika linapaswa kupoteza alama nyingi katika ulinganisho wako.

Hatua ya 7: Panga usalama, nakala rudufu na matumizi ya pamoja

GnuCash na HomeBank hazifungi faili kwa nenosiri, kwa hiyo ulinzi utatoka kwenye diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila ufunguo: BitLocker kwenye matoleo ya Windows yaliyo nayo, FileVault kwenye macOS, na LUKS kwenye Linux. KMyMoney inaweza kusimba faili kwa GPG, zana huria ya usimbaji, na Money Manager Ex ina hifadhidata inayofungwa kwa nenosiri. Usimbaji wa ndani ya programu unafaa zaidi kwa faili linalosafiri kati ya kompyuta za mifumo tofauti, kwani diski ya BitLocker haisomeki kwa urahisi kwenye Mac.

Wanaogawana faili kupitia folda ya mtandaoni wasilifungue kwa wakati mmoja. GnuCash huweka faili la kufuli linaloishia na LCK ili kumwonya mtu wa pili. Usilipuuze onyo hilo kwa haraka, kwa sababu kufuli linaweza kuwa limesalia baada ya programu kuzimika ghafla, lakini pia linaweza kuwa la mwenzako anayeandika wakati huohuo. Subiri ulandanishaji ukamilike kabla ya kuzima kompyuta. Zaidi ya folda hiyo, weka nakala kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, na kila baada ya miezi michache ifungue nakala hiyo kwenye mfumo endeshi mwingine uone kama salio linalingana.

Hatua ya 8: Hamia taratibu

Chagua siku ya kwanza ya mwezi kuwa mwanzo, andika salio la kila akaunti kama lilivyo kwenye taarifa ya benki ya siku hiyo, na uache historia ya nyuma kwenye programu ya zamani. Wengi hutaka kuhamisha miaka yote kwa mara moja, na kazi hiyo huwachosha kabla hawajaanza kufaidika. Historia ya kodi na uwekezaji ndiyo pekee inayostahili taabu hiyo, na hata yenyewe inaweza kuingizwa baadaye. Kwa mwezi wote wa kwanza ingiza miamala kwenye programu zote mbili, na mwishoni fanya usuluhisho wa kila akaunti dhidi ya taarifa ya benki. Salio zikilingana hadi senti ya mwisho, toa hesabu zote za programu ya zamani kwa CSV na pia kwa PDF, zihifadhi pamoja na nakala rudufu nyingine, na hapo ndipo unaweza kusitisha malipo ya programu hiyo au kuiondoa kwenye kompyuta.